Chupa Nyeusi za Mama Ramazani

Iko siku moja ya miaka ya vita ambayo sijaisahau, mwanangu, na kwa kuwa tangu jana umeninunia, kaa hapa nikusimulie. Kwa ukoo wewe ni mjukuu wangu, lakini sasa una mtoto mchanga, umekuwa mzazi mwenzangu, kwa hiyo nitasema nawe kama mtu mzima. Jana niliichukua ile chupa yako ya mafuta ya mtoto, ile inayong'aa uliyoinunua sokoni, nikainusa, nikakataa isimguse. Ukasema nimezeeka na ninakutawala. Kuzeeka nimezeeka, hilo sibishi.

Wakati ule mji wetu ulikuwa umefungwa. Gari moshi halikuja tena, mashua zilikuwa zimelala bandarini, na njia za kwenda mashambani zilikuwa mikononi mwa wenye bunduki. Mama yako, Asha, alikuwa amezaliwa tu, hata kitovu hakijadondoka. Tuliishi kwa mama mkwe wangu, Mama Ramazani, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo ambaye hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kumkatiza. Sokoni mawese yalikuwa yamekwisha. Sombe, majani yetu ya muhogo, tuliipika kwa maji matupu, na ngozi ya mtoto ilikuwa inakauka na kupasuka shingoni. Niliogopa sana. Mtu akizaa mara ya kwanza huogopa kila kitu, nawe unajua.

Alfajiri mume wangu Ramazani akachukua bido, dumu la plastiki alilopewa na watu wa mashua, akaazima mtumbwi, akavuka mto Lualaba kwenda ng'ambo kwenye mashamba ya ngazi, ile michikichi ya mawese. Kuna waliokwenda huko wasirudi. Mchana kutwa sikuweza kula wala kukaa. Jua lilipoanza kushuka akatokea mlangoni, matope hadi magotini, na bido limejaa mawese mapya, mekundu. Nililia kwa furaha. Majirani wakaanza kuja na vibakuli vyao.

Mama mkwe akamimina tone kwenye kiganja, akalisugua hadi likapata joto, akanusa. Akarudia kwa kiganja cha pili. Kisha akalifunga bido na kulikalia. Kweli, alilikalia kama kiti, mbele ya watu wote. Akamwuliza mwanawe bido lilibeba nini zamani. Ramazani akasema lilikuwa la mazutu, dizeli ya mashua, lakini aliliosha kwa mchanga na majivu mpaka maji yakatoka safi.

"Plastiki inakunywaka mazutu, Ramazani," mama akasema. "Utaosha, utachoka. Kile ilikunywa, itakirudisha mu mafuta. Hii njo ya taa."

"Mama, nilivuka maji juu ya kutafuta hii mafuta. Wangeniua."

"Najua. Ulivuka juu ya huyu mutoto. Njo maana sitamupaka mazutu."

Ramazani akatoka nje, akageukia ukuta. Saa ile nilimchukia mama mkwe wangu, nakwambia bila kuficha. Majirani wakaondoka na vibakuli vitupu, na mmoja akanung'unika kwamba kizee kina roho ngumu.

Yeye akaniita chumbani kwake. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la mbao lenye mchanga, na ndani ya mchanga zimesimama chupa. Chupa za bia, mwanangu, zile nyeusi, katika nyumba ya watu wa swala tano! Kumbe ndizo zilizomfanya asengenywe mtaa mzima kwamba anaokota chupa nyuma ya baa. Aliyasikia yote na hakumjibu mtu. Kabla njia hazijafungwa alikuwa amechemsha mawese mpaka yakaacha kulia, maana mafuta yakilia jikoni bado yana maji ndani. Akayaacha yapoe, akayatia katika chupa zilizochemshwa na kukauka hadi ndani kabisa, akazijaza mpaka shingoni, akaziba kwa gunzi la mahindi na nta. Mbili ndogo zilikuwa za mafuta meusi ya kokwa za ngazi, ya kupaka mwili.

Nilimwuliza kwa nini alituacha tule sombe kavu. Akasema hakuna aliyejua vita vitakwisha lini, na mafuta ya mtoto alikuwa akingoja kitovu kikauke, na sasa kilikuwa kimekauka. Akafungua chupa moja. Yalinukia kana kwamba yamekamuliwa juzi. Tone la yale meusi akalipaka kwanza mkononi mwa Asha, mahali padogo tu, akangoja kesho yake aone ngozi inasemaje, ndipo akampaka shingoni. Na kila nyumba iliyomsema ilipata mawese kidogo. Mimi ndiye niliyetumwa kuyapeleka.

Mafuta ya Ramazani hayakumwagwa. Yaliwasha taa yetu miezi mingi, na kila ilipowashwa mama alisema kwa sauti, ili mwanawe asikie, kwamba mwanawe ndiye aliyetuletea mwanga. Ramazani aliporudi ng'ambo mara ya pili, alibeba kibuyu cha mamaye.

Sasa ile chupa yako. Muuzaji aliiweka juani ili ing'ae, wateja waione. Jua limeyapika. Juu kuna marashi, chini yamechacha, na marashi hayaponyi mafuta. Kwa hiyo sikia nisemavyo, mwanangu. Mafuta yaweke gizani, penye ubaridi, mbali na jiko. Usiyaweke katika chombo ambacho hujui kilibeba nini. Kijiko chenye maji kisiingie katika chungu cha mafuta, wala kidole kinachotoka kuoga, mimina kiganjani. Gawa katika chupa ndogo na ufungue moja moja, wala usijazie mapya juu ya yaliyobaki. Yakikukwaruza koo, au yakinuka vibaya baada ya kuyasugua, usiyahurumie, hata kama aliyekuletea unampenda. Mshukuru, na mtoto umkinge.

Kitandani kwako nimeweka chupa nyeusi. Jirani akiiona, acha aseme. Mimina tone, sugua, nusa; mama yako alinukia hivyo alipolala kifuani pangu na bunduki zikilia mjini, na akakua, na akakuzaa wewe.

Mungu ailainishe ngozi ya mtoto wako na mikono yako, chungu chako kisikauke, na usije ukajua njaa tuliyoijua sisi. Basi, acha kununa. Nipe mtoto nimpake.