Medali Masikioni

Mimi sikuzaliwa na subira. Wiki ile ya kuanzishwa kwa chama chetu cha wanaume wa Bikira Maria, mke wangu alinifukuza jikoni kwa sababu nilikuwa naimba hata nikiwa na ugali mdomoni. Ilikuwa zamani za Wajerumani, reli imeshafika Dodoma, na sisi Wagogo wa misheni tulikuwa tunapata kitu chetu wenyewe. Akina mama walikuwa na chama chao tayari, nao walitucheka waziwazi kwamba kazi yetu ni kusimama nje ya kanisa tukizungumzia ng'ombe.

Padre alitueleza kwamba kwao Ulaya chama hicho ni cha tangu mababu. Babu yake mwenyewe, mkulima tu, alitembea nyuma ya bendera ya Mama Maria akiwa na medali yake. Masharti hayakuwa magumu: rozari kila jioni, kumwuguza mwenzako akiugua, kumzika akifa, na kuacha mambo ya kipagani. Hilo la mwisho alilisema akitukazia macho. Atakayekuja na hirizi, alisema, hapokewi.

Furaha yangu kubwa ilikuwa baba. Tangu nibatizwe tulikula chungu kimoja bila kutaja kanisa. Pasaka ile naye akabatizwa, na mvi zake zote, na sasa tungekaa benchi moja! Lakini baba alikuwa mtu wa kiburi. Asubuhi ya siku yenyewe, njiani, aliniambia, "Mwanangu, wakinirudisha leo mbele ya watu, kanisani kwenu sirudi tena."

Nikacheka. Nani angemrudisha?

Medali zenye sura ya Mama Maria tulikuwa tumegawiwa jana yake, bila kamba. Padre aliagiza kila mtu aje ameivaa, akaenda zake kuungamisha watu. Aivae wapi, hakusema, wala sisi hatukuona haja ya kuuliza. Kitu cha heshima mwanamume wa Kigogo hukivaa sikioni. Ndewe za masikio yetu zilitobolewa tungali wadogo, zikapanuliwa, na humo ndimo tulimozitia medali, tumezisugua kwa majivu mpaka zinametameta. Tukapanga mstari mbele ya kanisa. Tulipendeza, jamani, tulipendeza!

Padre akatoka, akasimama ghafla, uso ukamwiva. Akamwendea baba, aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari.

"Mmemgeuza Mama Maria hirizi!" alisema kwa sauti. "Toeni! Mahali pake ni shingoni. Asiyetaka aende nyumbani."

Kiswahili cha baba kilikuwa cha kuombea maji. Akanigeukia nimfasirie, nami nikamfasiria. Alipojibu kwa Kigogo, nilitamani ardhi inimeze. Ningeweza kuyalainisha maneno yake, lakini mstari mzima ulikuwa umeyasikia.

"Padre," nikasema, "baba anasema shingoni tunamfunga ng'ombe kengele. Mtu hupambwa sikioni."

Baba akaishika vizuri fimbo yake ya kuchungia, tayari kuondoka, nami nikamshika mgolole wake kama mtoto. Sikuona aibu. Nilijua akivuka ule uwanja nimempoteza.

Padre alitazama lile sikio. "Mwulize, ng'ombe mnamfunga kengele ya nini?"

"Asipotee," baba akajibu, akishangaa mtu mzima kuuliza jambo kama hilo. "Akiingia vichakani tumsikie alipo."

"Basi mwambie nami nataka hilohilo. Sitaki apotee."

Nikafasiri neno kwa neno. Baba akamtazama padre, kisha akaichomoa medali sikioni. Akakata ukanda wa ngozi kwenye ala ya kisu chake, akaipitisha, akainamisha kichwa nimvishe. Fundo likanishinda mara ya kwanza. Wenzetu wakaangua kicheko, kila mmoja akatafuta ngozi yake, na tukaingia kanisani kwa wimbo ulioyafanya mabati ya paa yavume. Akina mama walipiga vigelegele, hata wale waliotucheka.

Tangu hapo, Jumapili nikichelewa kutoka, baba alisimama mlangoni akiita, "Mwanangu, kengele yako siisikii!" Nami nilitoka mbio nikicheka.

Alipofariki, tulimzika sisi wanachama wenzake, kama sharti lilivyosema. Medali yake alitaka nibaki nayo. Ninaivaa pamoja na yangu, na nikitembea zinagongana.