Wifi mjamzito alikatazwa mswaki kwa sababu fizi zinatoka damu. Hivi ndivyo tulivyofika kwa daktari wa meno

Wakuu, salaam kwenu wote.

Mimi humu huwa nasoma tu na kuondoka. Kuandika mbele za watu kunanitoa jasho, kuongea ndiyo kabisa. Ila hili nimeona nisilikalie. Nalisimulia lilivyokuwa, na nikiongeza chumvi nitaumbuka hapa hapa, maana mwenye fizi zake amekaa pembeni anachungulia simu.

Niko Form Three, naishi Kirua Vunjo kwa bibi yangu, mama yake baba. Nyumbani tupo bibi, mimi, na wifi yangu, yaani mke wa kaka. Kaka ni guide, anapandisha wageni mlimani. Akiwa juu simu haipatikani mpaka ashuke.

Wifi si wa huku. Wazazi wake walikuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule tambarare, na Kichagga anajua cha kuombea maji tu. Bibi akisema kitu, yeye anaitikia basi.

Mimba ilipofika mwezi wa nne fizi zikaanza kumtoka damu. Anapiga mswaki, anatema, povu jekundu. Akamwambia bibi.

Bibi akajibu, "Si unaona huo mswaki unakukwangua? Uache mpaka ujifungue. Mwenye mimba haguswi mdomo."

Naomba mnielewe, bibi si mtu mbaya. Asubuhi maziwa ya kwanza ni ya wifi, sisi wengine tunasubiri. Hilo la mswaki ndivyo na yeye alivyofundishwa.

Basi wifi akaacha mswaki, akawa anasukutua kwa maji ya chumvi tu.

Hapo ndipo tulipokosea nyumba nzima. Fizi zilivimba zaidi, zikawa nyekundu zinang'aa. Mdomo ukaanza kutoa harufu, akawa anaongea amejiziba kwa kanga. Halafu katikati ya meno mawili ya mbele kikaota kinyama, kidogo tu, lakini ukikigusa damu.

Akaacha kula. Bibi anapika mtori wa nguvu, ndizi zimepondwa, nyama imo, yeye anaonja kijiko anaweka chini. Kliniki wakampima, uzito umeshuka. Akanong'ona kwangu kwamba anahisi ni saratani.

Nikamwambia twende Moshi mjini kwa daktari wa meno.

"Wifi, mimi sitoki hapa bila bibi kuniruhusu," akasema. "Amesema jino likiguswa mimba inatoka. Likitokea la kutokea, kwenye huu ukoo nitaitwa niliyeua mtoto mpaka nazeeka."

Kweli tupu. Nikampigia kaka, hapatikani. Nikapiga tena na tena, wapi.

Nikabaki mimi. Mimi ambaye nikiulizwa swali darasani naangalia viatu.

Sasa kwa wasiojua mambo ya Uchagani: kuna mmea unaitwa isale, una majani marefu, unapandwa mipakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo. Ukimkosea mtu unamletea jani la isale limefungwa fundo. Akishalipokea, hana namna, anakusamehe.

Nikakata jani moja, nikalifunga, nikaenda zizini. Bibi alikuwa anakamua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mbona umesimama kama nguzo ya umeme?"

Nikamnyooshea jani. 

"Umevunja nini?"

"Sijavunja kitu."

"Umepata mimba na wewe?"

"Hapana bibi."

"Sasa msamaha wa nini?"

"Wa kesho. Kesho nampeleka wifi kwa daktari wa meno, hata ukikataa."

Akaacha kukamua. "Isale si la kuchezea, mtoto wewe. Ni la mtu aliyekwishakosa."

"Najua bibi. Ningeweza kuondoka naye kimya kimya, ila nimekuja kwako kwanza. Wifi hali chakula. Wewe ukigeuka, mtori wako anawamwagia kuku. Huyo mtoto wa kaka tumboni anakula nini?"

"Kuku wanakula mtori wangu?"

"Ndiyo."

Nadhani hilo lilimuuma kuliko yote. Akafuta mikono kwenye kanga, akalichukua jani.

"Wakimng'oa jino, usirudi hapa," akasema. Halafu, "Na mimi nakuja. Siwaamini, wewe wala huyo daktari wako."

Tukashuka Moshi wote watatu.

Daktari alikuwa dada mpole. Akamwangalia wifi, akasema mimba inabadilisha homoni, fizi zinakuwa nyepesi kuvimba. Uchafu ukikaa kwenye meno ndiyo damu inatoka, na ukiacha mswaki uchafu unazidi. Kile kinyama akasema si saratani, kinawatokea baadhi ya wajawazito na mara nyingi kinanywea chenyewe baada ya kujifungua. Atakuwa anakiangalia.

Wifi akaanza kulia pale pale kwenye kiti.

Bibi akauliza, "Na jino ukiling'oa, mimba haitoki?"

"Leo sing'oi, bibi, nasafisha tu. Ila jino likiwa bovu kweli tunalitibu hata kwa mjamzito, tunachagua muda na dawa zinazomfaa. Kinachonitisha ni ugonjwa kuachwa mdomoni."

Bibi akavuta kiti karibu. "Haya, msafishe. Mimi natazama."

Na alitazama mpaka mwisho, wakuu, shingo imemtoka.

Tuliambiwa hivi: mswaki laini asubuhi na kabla ya kulala, uzi wa meno taratibu, na akitapika asukutue kwa maji kwanza, asubiri kama nusu saa ndipo apige mswaki, kwa sababu tindikali ya tumboni inalainisha meno.

Nisiwadanganye, siku za mwanzo damu iliendelea. Wifi akataka kuacha tena. Nikawa nasimama naye bombani kila asubuhi na mswaki wangu, namwambia tunamaliza wote. Ikapungua, ikapungua, ikakata. Kinyama bado kipo lakini hakimsumbui, na mtori sasa anamaliza bakuli. Kuku wamerudia pumba zao.

Kaka aliposhuka mlimani akakuta tumeshakwenda na kurudi, akabaki kuuliza "mlimpata wapi huyo daktari?"

Nilichojifunza: fizi za mjamzito zikitoka damu, usiweke mswaki chini. Nenda ukaonwe, na sema una mimba ya miezi mingapi. Na kama wewe ndiye mdogo kwenye nyumba, sema tu, hata kwa sauti ya kutetemeka.

Wiki ijayo namsindikiza kliniki. Pale wanapima uzito, presha, tumbo, mdomo hakuna anayeuliza. Nitanyoosha mkono mbele ya akina mama wote niulize kwa nini. Swali nimeshalikariri. Nitatokwa jasho, lakini nitauliza.

Akina mama humu, na nyinyi mliambiwa muache mswaki? Mlifanyaje? Na kama kuna daktari wa meno kapita hapa na nimekosea mahali, anisahihishe, wifi anasoma majibu yenu yote.