Kijani Nyuma ya Sikio

Binti yangu amerudi kutoka uwanjani na uso wa kijani, na ile harufu ya rangi iliyokorogwa na mafuta ya kujipaka imenifanya niinamishe kichwa.

Baba, aliyeongoza nyimbo kanisani kwetu Riruta, alikuwa amenikataza nilipokuwa mtoto kwenda uwanjani kutazama mpira. "Huko ni matusi tu," alisema. Jumamosi moja nikatoroka. Langoni nilimshika mkono shabiki nisiyemjua, kama walivyofanya watoto wote wasio na tikiti. "Huyu ni wangu," akamwambia bawabu, tukaingia. Ndani nikapakwa rangi ya kijani usoni, nikaimba kwa nguvu zangu zote wimbo wa kumtukana mamake refa. Kisha nikaitambua sauti iliyouongoza. Juu ya uzio, kifua wazi, uso kijani, alikuwa baba. Macho yetu yakakutana. Wimbo ukamkatikia mdomoni.

Kesho yake alisimama mbele ya kanisa, suti imenyooka, na kijani kidogo kimebaki nyuma ya sikio. Alifungua mdomo aanzishe wimbo, akaniona, akaufunga. Kanisa zima likangoja. Mama, asiyejua lolote, akauanzisha wimbo yeye, na watu wote wakaimba isipokuwa sisi wawili.