Shikamoo niliyoipokea Chamazi nikiwa na miaka kumi na tatu

Wakuu, habari za jioni. Mvua imenifungia ndani, nikakumbuka jambo ambalo hata mume wangu sijawahi kumsimulia.

Wale mnaopenda kusema "hii chai", leo mtaniwia radhi, hii sijaitunga, haina hata kijiko cha sukari. Ni yangu mwenyewe. Nimebadili jina la mwenzangu tu.

Nilimaliza darasa la saba nikiwa mfupi, wa kukaa dawati la mbele. Mnakumbuka ile likizo ya kusubiri fomu wani ilivyo ndefu? Shule ya zamani si yako tena, mpya bado hujaitwa. Unalala, unaamka, hujui leo Jumanne au Alhamisi.

Katikati ya likizo hiyo tukahama Mwananyamala tulikokuwa tumepanga, tukahamia Chamazi kwenye nyumba ya baba iliyokuwa haijaisha. Na huko huko nikarefuka. Sijui niseme vipi wakuu, niliona kama nimelala mtoto nikaamka nafika begani kwa baba. Magauni yote yakawa mafupi, mama akanipa madera yake.

Siku zile zote nazikumbuka kama ndoto. Nilikuwa najikwaa kwenye vizingiti. Mikono yangu mwenyewe niliiona iko mbali. Nikisimama kwenye kioo, namwona dada mmoja hivi ambaye namfahamu kidogo tu.

Sasa siku moja natoka kuchota maji, nimevaa dera la mama, ndoo kichwani. Nikakutana na msichana mwenye mwili mdogo kwenye njia ya mchanga. Akasogea pembeni kunipisha.

"Shikamoo dada."

Hapo ndipo penyewe. Ningecheka, ningemwambia sisi ni sawa, uzi huu usingekuwepo. Lakini ile shikamoo ilinishuka vizuri mno.

"Marahaba, hujambo?"

Aliitwa Zuhura. Aliishi na mama yake tu, na mama alikuwa anapikia madereva wa malori kule Kurasini. Anatoka alfajiri, anarudi magharibi imeshapita. Kutwa nzima mtoto yuko peke yake.

Naye alikuwa amemaliza la saba, ana miaka kumi na tatu kama mimi. Nilimzidi mwezi mmoja. Hilo nililijua siku ile ile na nikanyamaza.

Aliponiuliza nasoma wapi, nikasema chuo cha unesi, niko likizo. Uongo ulitoka wenyewe, wala sikuutafuta.

Karibu na kwao kulikuwa na pagala, nyumba iliyoishia kwenye lenta, haina paa. Mchana tulikuwa tunakaa humo, migongo kwenye tofali za baridi, tunatazama mawingu yakipita pale ambapo dari ingekuwa. Tuligawana vyumba. Zuhura alisema yeye akijenga atataka sebule kubwa, aweke kochi la mama yake kulalia mchana. Mimi nilikuwa namjibu kwa sauti ya upole ya dada wa chuo.

Nilipendwa mle ndani. Nakiri, nilipenda sana kupendwa vile.

Siku moja nikamkuta amejikunja kwenye kona, kajifunga kanga mbili, analia.

"Dada, mie naumwa. Nahisi nakufa. Na mama sijui ntamwambiaje."

Akanieleza. Kinadada mmeshaelewa. Mimi mwenyewe yalikuwa hayajanifika, nilichokuwa nacho ni minong'ono ya darasani. Nilitaka kukimbia, lakini nesi hamkimbii mgonjwa. Nikamwambia anisubiri, nikatimua mbio hadi nyumbani.

"Mama, kuna rafiki yangu..."

Mama akaweka chini ungo wa mchele. Akanikalisha, akanieleza taratibu, hatua kwa hatua, kisha akaingia chumbani akatoka na pakiti ya pedi.

"Mwambie huyo rafiki yako asiogope. Haumwi. Amekua tu."

Alitabasamu. Nikaelewa anadhani rafiki ni mimi. Nikamwacha adhani.

Nikarudi pagalani nikayasema yote kama nilivyoyapokea, na pakiti nzima nikamwachia. Zuhura akaniegemea begani mpaka jua likageuka.

Januari tukaripoti shule.

Mwalimu wa zamu akatupanga mstari kwa urefu, wafupi mbele. Mimi nikawa wa mwisho kabisa. Nikatupa macho mbele, nikaona kisogo ninachokijua. Njia ya mwongo fupi, wahenga hawakukosea. Zuhura akageuka, akanitazama na yunifomu yangu mpya kama yake.

Mapumziko akaja hadi dawatini kwangu.

"Shikamoo dada nesi."

Alisema kwa sauti ya chini, bila mzaha hata chembe. Waliokuwa karibu wakasikia, darasa likaangua kicheko. Nikainamia daftari langu.

Jina la Nesi likanikaa, lakini si jina lililoniuma. Mtoto wa watu alinipa siri zake akidhani anampa mtu mzima. Alikuwa na haki ya kuninunia. Nilikuwa na hamu naye kila siku, na nilikuwa namwona kila siku.

Wiki zikaenda. Siku moja, kipindi cha mwisho, hisabati, yakanifika na mimi.

Kengele ikalia, wote wakatoka, mimi nimebaki nimekaa. Mama alishanifundisha tangu likizo, hakuwa na sababu ya kurudia. Somo lote nilikuwa nalo kichwani, na halikunisaidia kitu.

Aliyekuwa na zamu ya kufagia ni Zuhura. Ufagio ukafika miguuni kwangu.

"Nyanyua miguu."

Sikunyanyua. Akanitazama usoni. Akaweka ufagio chini, akavua sweta lake akanifunga kiunoni, kisha akatoa kwenye begi pedi iliyozungushiwa leso.

"Ndo mara ya kwanza?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sasa siku ile yale yote ulikuwa unayatoa wapi?"

"Nilienda kumuuliza mama."

"Ndo maana ulirudi unahema."

Akacheka kidogo. Mimi nikaanza kulia.

"Usiogope," akasema. "Huumwi. Umekua tu."

Sijui nini kilinituma wakuu. Nikamwambia, "Shikamoo."

Aliniangalia kwanza.

"Marahaba. Haya simama, twende."

Nilichojifunza ni hiki. Mtoto akirefuka ghafla, msimwongezee umri. Mtaa mzima ulinisalimia kama dada mkubwa na hakuna aliyeniuliza nina miaka mingapi. Sijitetei, nilidanganya. Lakini yule dada wa chuo alikuwa mtoto anayetafuta mtu wa kukaa naye mchana.

Zuhura yupo Kigamboni, amejenga. Sebule si kubwa, ila kochi la mama yake lipo. Nimemzidi mwezi mmoja, na mpaka leo akinipigia simu, mimi ndiye ninayeanza na shikamoo.

Karibuni mseme yenu. Wewe nani alikupa shikamoo kabla hujafikia umri, na uliitikia?