Taa ya Mwalimu

Kila asubuhi, kabla hata ya salamu, mwalimu anayewafundisha wauguzi Kiingereza huwasha taa ya darasa na kuizima, akaiwasha tena na kuizima.

“‘On and off,’” hutamka kwa sauti ya kengele. “Mgonjwa Mwingereza atakwambia hivyo maumivu yakija na kuondoka.”

“Mwalimu, utatuunguzia balbu!” wauguzi humtania, naye hucheka mpaka chaki imponyoke.

Leo aliwasha mara moja tu. Mkono mmoja ulibaki kwenye swichi, wa pili ukapanda kifuani. Darasa likacheka, likidhani ni mfano mpya. Muuguzi wa dawati la nyuma, aliyezoea kutulia kama maji mtungini, hakucheka. Alikwenda akamshika mkono.

“Mwalimu, maumivu yanawaka na kuzima?”

“Leo hayajazima, mwanangu.”