Siku gari ya Papa ilipokata roho

Juzi nilijitupa chini sebuleni, chai mkononi, kwa sababu gari moja ilishusha pumzi nje ya uzio. Mimi mtu wa kukaa nyumbani, vita vinanifuata mpaka kwenye zulia.

Mlio ule niliusikia utotoni, tukikimbia vita kutoka kijijini kwetu Kibumba. Gari ya Papa, baba yangu, ilikuwa ya kujiinua yenyewe nyuma kwa hewa ikielemewa, na ilivuta remorke, trela ndogo iliyojaa viazi. Jirani yetu, Mama Zawadi, alikaa juu ya magunia. Bomu likaanguka kando ya barabara. Tairi la remorke likapasuka, harufu ya baruti ikajaa puani, na mguu wa Mama Zawadi ukawa damu tupu.

Papa akambeba, akamlaza ndani ya gari kando yangu, kisha akaifungua remorke na kuiacha pale. Matako ya gari yakaruka juu. Halafu ikapiga "fsssss", ikashuka polepole. Leo najua ilikuwa inapunguza hewa tu, maana mzigo haukuwepo tena. Siku ile nililia kuliko risasi: "Papa, wameua gari!"

Mama Zawadi akanisukuma kwa kiwiko.

"Nyamaza, mutoto! Gari haikufa. Ni mimi niko nakufa, na umekalia muguu yangu!"