Yusra alivyolitoa Pijo la babu kwenye ndizi

Gari linanukia ndizi mbivu. Yusra Husseni ameingiza kichwa kwenye mlango wa nyuma, amevuta pumzi, kisha amekitoa na kukitikisa. Ameshalisugua kwa sabuni ya unga, kwa ndimu na kwa maji ya majivu. Harufu imebaki palepale, kama mgeni uliyemwonesha mlango naye akaagiza chai.

"Zimeingia mpaka kwenye bati," anasema. "Siku nikipata mchumba nikampakia humu, atadhani nampeleka sokoni kumuuza."

Ni Jumamosi asubuhi, Ibighi, mjini Tukuyu. Manyunyu yanashuka bila haraka na bila kuomba radhi. Chini ya turubai, nje ya kibanda chake cha kushonea, Yusra (27) anafunga kiti cha mwisho cha Pijo 404 stesheni wagon, gari la rangi ya maziwa ambalo marehemu babu yake, Jumaa, alilinunua mwaka 1979. Anavuta ngozi ya bandia kwa koleo, anagonga pini, ananyonya kidole kilichogongwa, anaendelea.

Ni gari lake la kwanza. Yaani litakuwa lake, kama kesho litakubali.

Makubaliano aliyowekeana na bibi yake, Asia, mwenye miaka 78, ni mafupi. Pijo lifike nyumbani kwa Bibi huko Mpuguso kwa injini yake, Yusra mwenyewe akiwa kwenye usukani. Likifika, ni lake. Likisukumwa au likivutwa kwa kamba, linarudi nyuma ya jiko kuvundikia ndizi, na hakuna rufaa.

Kazi ya Yusra ni kushona viti vya magari na makochi. Mwezi mzuri humwachia kama laki tatu na nusu. Mwezi mbaya, anasema, huwa wa shangazi zake.

"Shangazi analeta mito sita, anakaa, anakunywa chai, anakuombea dua ndefu, anaondoka na mito yake. Sasa dua utaipeleka wapi kununulia sponji?"

Kwa kipato hicho angeweza kujibana miaka kadhaa akanunua kigari cha kutoka Japani, vile vya kubonyeza kitufe vikawaka. Lakini viti vya watu wengine vilimchosha. Alitaka kushona vyake, ndani ya gari lenye jina la kwao.

Pijo lenyewe hakuwahi kuliona likitembea. Babu yake alilitumia kupeleka vitenge na chumvi kwenye magulio ya vijijini, na siku za harusi liligeuka kuwa gari la bibi harusi, chumvi ikiwa bado imetapakaa chini ya viti. Injini ilikata kauli mwaka 1998. Likasukumwa nyuma ya jiko lisubiri fundi. Fundi hakuja, na baada ya miaka mitatu mwenye gari naye akafariki.

Ndipo Bibi Asia alipogundua jambo. Mpuguso kuna baridi na ukungu, na ndizi za kisukari huchukua siku nyingi kuiva. Ndani ya gari lililofungwa vioo, jua likichungulia hata kidogo tu, joto lilikaa. Akang'oa viti vya nyuma, akatandika majani makavu ya mgomba, akapanga vichane, akafunga milango. Ndizi zikaiva upesi na kwa pamoja, rangi moja. Wachuuzi wa Tukuyu wakaanza kuziulizia kwa jina: ndizi za Pijo.

"Magari ya wenzangu yakisimama wanalia," anasema Bibi Asia. "Langu liliposimama ndipo lilipoanza kunilisha."

Kwa hiyo Yusra alipokwenda kuliomba, miaka miwili iliyopita, hakuomba gari bovu. Aliomba duka la mtu. Yeye hakujua.

"Nilimwambia, Bibi, nipe lile bovu nikalitengeneze. Akaniangalia. Akaniuliza, bovu lipi?"

Wanunuzi wa chuma chakavu walikuwa wameshafika pale mara nyingi na mizani yao, wakaondoka na mizani yao. Mjukuu naye angeondoka hivyohivyo kama asingetoa ahadi. Alisema atamjengea Bibi kibanda kipya cha kuvundikia, cha mbao na bati, kikubwa kuliko gari. Bibi akakubali, kwa yale masharti ya injini na usukani.

Pijo likapakiwa kwenye fuso mpaka Ibighi, na hapo ndipo Ambindwile alipoingia kwenye habari hii. Ni fundi makenika, jirani wa Yusra kibandani, mtu mwembamba ambaye hucheka kabla ya kutoa habari mbaya.

"Alifungua boneti akacheka sana," Yusra anakumbuka. "Nikajua nimekwisha."

Kutu ilikuwa imekula sakafu, kabureta ilikuwa na mchwa, na kwenye bomba la moshi panya walikuwa na ukoo mzima. Vipuri vilitafutwa Mbeya, kwa mafundi wanaobomoa magari ya zamani. Klachi ilipatikana, pampu ya mafuta ikatengenezwa upya, bati likachomelewa. Yusra alilipa kidogokidogo, na pale hela ilipokata alimshonea Ambindwile seti nzima ya makochi. Mpaka sasa, kwa hesabu anayoisema akiangalia pembeni, amemaliza kama milioni mbili na nusu.

"Usiiandike kubwa," anaomba. "Shangazi wanasoma magazeti."

Lakini kilichokaribia kuvunja mpango hakikuwa injini. Kilikuwa kile kibanda alichomjengea Bibi.

Kilikuwa kizuri, kimenyooka, kina mlango na komeo. Ndizi zilizoingia humo zilikaa kijani zaidi ya wiki, kisha zikaoza upande wa chini huku juu zikiwa bado ngumu. Esnath, mchuuzi wa Tukuyu aliyekuwa akinunua kwa Bibi kwa miaka mingi, alirudisha mzigo.

"Nilimwambia mama, hizi si zile," anasema Esnath. "Mteja anamenya, anakutana na ndizi ya kupika. Ananitukana mimi, hamtukani Yusra."

Bibi Asia hakugomba. Alituma ujumbe wa maneno machache Ibighi: gari lirudi.

Yusra alipanda Mpuguso asubuhi yake, akaingia ndani ya kibanda, akafunga mlango, akakaa mle gizani na ndizi zilizonuna. Kulikuwa na baridi kuliko nje. Ndipo akaelewa alichokichukua. Alikuwa amemjengea Bibi nyumba nzuri ya kuhifadhia baridi.

Akarudi siku nyingine na vitu vya kazi yake. Alizungusha mabaki ya sponji ukutani, akayafunika kwa ngozi nyeusi ya viti akiigonga kwa pini, kama anashona kochi lililogeuzwa ndani nje. Bati upande wa jua akalikata, akapachika kioo cha mbele cha Pijo, kile cha zamani chenye ufa, alichokuwa ameshakibadilisha. Mlango akaushonea kingo zisipitishe upepo.

Wiki hiyohiyo Esnath alikuja na tenga lake. Alimenya moja, akala, akamenya ya pili.

"Ya pili ilikuwa ya nini?" Bibi akamuuliza.

"Ya kuhakikisha."

Bibi akatuma ujumbe mwingine Ibighi: gari likae huko kwanza, lakini masharti ni yaleyale.

Jumapili, saa nne, Pijo linawaka kwenye jaribio la tatu na kutoka Ibighi likikohoa. Yusra ameshika usukani kwa mikono yote miwili kama anayezuia mlango. Leseni anayo, ila alijifunzia gari lenye gia ya sakafuni, na gia ya Pijo iko pembeni ya usukani. Ambindwile yuko kushoto kwake, amekalia mikono yake ili isije ikamsaidia.

"Taratibu, dada. Hili ni la mzee, halipendi kufokewa."

"Sijafoka."

"Mguu wako umefoka."

Wanakwenda vizuri. Njiani watu wanageuka, mzee mmoja anavua kofia. Ukiwa umebaki mlima mmoja tu kabla ya kwa Bibi, pikipiki iliyobeba mikungu inateremka katikati ya barabara. Yusra anakanyaga breki, anatafuta gia namba moja, anaipata namba tatu. Injini inazima.

Paa la jiko la Bibi linaonekana kule juu.

Vijana waliotoka kanisani wameshakunja mikono ya mashati na wanakuja nyuma ya gari wakicheka. Yusra anatoa kichwa dirishani.

"Ndaga, asanteni kaka zangu, lakini msiguse. Atakayegusa atanikosesha gari, nami nitamdai jipya."

Wanasimama wakitazamana. Yusra anawasha, anaachia klachi, linaruka kidogo na kuzima. Anarudia. Linazima. Jasho linamtoka katika baridi ile. Ambindwile anacheka, na hiyo ni dalili mbaya.

Kisha mwavuli mweusi unajitokeza kwenye migomba. Bibi Asia anateremka mlima polepole, mtandio umefungwa vizuri, mpaka usawa wa dirisha.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Limekufa?"

"Halijafa. Nimelizima mimi."

"Basi kosa si lake." Anazunguka upande wa pili. "Wewe fundi, hama hapo. Hapo ni kwangu."

Ambindwile anahamia nyuma. Bibi anaketi na kufunga mlango kwa mkono uliozoea.

"Bibi, si ulisema lifike nyumbani?"

"Litafika. Nilikataza lisisukumwe, kutembea kwangu sikukataza. Sasa sikiliza. Babu yako alikuwa anavuta kwake kwanza, ndipo anapandisha juu. Wewe unasukuma kama unafunga zizi la mbuzi. Vuta kwako."

Yusra anavuta kwake, anapandisha juu. Anawasha. Pijo linatetemeka, linatoa moshi ambao vijana wa kanisani watausimulia, kisha linaanza kupanda, polepole na bila kuguswa na mtu, mpaka uwanjani mwa Bibi. Yusra anazima injini na kuinamisha paji la uso kwenye usukani. Mabega yake yanatikisika, na haijulikani mara moja kama analia au anacheka.

Bibi Asia hashuki.

"Mbona umezima?" anauliza. "Nyuma ya jiko nimepaona vya kutosha. Geuza gari lako."

Sasa wenye magari mawili ya zamani wameshafika Ibighi kuulizia viti, na Yusra anataka kazi hiyo ndiyo iwe jina la kibanda chake. Ila safari inakuja kwanza. Mvua zikipungua, atampeleka Bibi mpaka Kyela kwa Naima, dada yake Bibi, ambaye hawajaonana naye muda mrefu.

Ambindwile amewaonya. Kushuka Kyela si tatizo, anasema, hata jiwe linashuka. Tatizo ni kuipanda ile milima wakati wa kurudi.

"Tukishindwa kupanda tutahamia," anasema Yusra, akifuta vumbi la sponji kwenye magoti. "Bibi ana dada yake kule, na mimi cherehani nitaipakia nyuma."